Kupiga kambi kwa trela kwenye maziwa ya Uganda: maswali ambayo familia huuliza mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila likizo ya shule inapokaribia. Mengine yanatoka kwa familia za Kampala, Jinja na Mbarara, mengine kwa jamaa wa Kisumu, Nairobi, Mwanza na Bukoba wanaotaka kuvuka mpaka na trela nyuma. Njia tunayoizungumzia zaidi ni ya kusini-magharibi: Kampala, Masaka, Nabugabo, visiwa vya Ssese, Ziwa Mburo, hadi Bunyonyi kule Kabale. Bei hatukuziweka kwa makusudi kwa sababu hubadilika. Pigia kambi simu kabla ya kuondoka.

## Kabla ya kupanga

Trela ya nini wakati hema linaingia kwenye buti?

Kwa watu wawili, trela ni usumbufu mtupu. Kwa familia yenye watoto watatu, bibi, na mpwa aliyejiunga siku ya mwisho, hesabu inabadilika. Magodoro, masufuria, madumu ya maji na mtungi wa gesi havikai pamoja na abiria bila mtu kuumia siku dereva akifunga breki ghafla. Faida ya pili mtaiona mkifika: unaifungua trela, unaiacha kambini, na gari linabaki jepesi la kwenda sokoni au kuzunguka mbugani.

Wengi wanaouliza wana picha ya nyumba ya magurudumu yenye vitanda na sinki. Kwa barabara zetu, mimi siishauri: matuta yataipasua, na njia za mwisho kuelekea ziwani ni nyembamba. Inayofaa ni sanduku fupi la chuma la ekseli moja, lenye turubai juu. Mafundi wa Katwe, Kampala, watakuchomelea kwa vipimo unavyotaka. Waambie magurudumu yalingane na ya gari lako, si ukubwa wa tairi tu bali pia idadi ya nati na nafasi zake, ili spea moja ifae kote.

Tuanze na ziwa gani?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na wengi hulijibu kwa kuangalia picha. Angalia mambo matatu: ndani ya maji kuna nini, kipande cha mwisho cha barabara kina mlima kiasi gani, na usiku kuna baridi gani.

Nabugabo, karibu na Masaka, ndipo ningempeleka anayevuta trela kwa mara ya kwanza. Ni ziwa dogo lililotengana na Victoria maelfu ya miaka iliyopita kwa ukuta wa mchanga, na tangu 2004 limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maji yake ni tulivu, ufuko unashuka taratibu, barabara haina milima, na Masaka mjini iko karibu mtu akihitaji zahanati au fundi.

Ssese, hasa kisiwa chake kikubwa cha Bugala, ina fukwe nyeupe za Lutoboka na msitu unaoshuka hadi mchangani. Lakini hapo mko ndani ya Victoria yenyewe, na mambo yake ya kichocho na dhoruba (soma maswali ya kuogelea na ya upepo wa usiku).

Mburo ni hifadhi ya taifa. Humo ziwa ni la kutazama tu, kwa sababu lina viboko na mamba. Kwa watoto wanaopenda wanyama hakuna pa kupita hapo: punda milia, swala pala, pofu, na twiga walioletwa mwaka 2015. Tembo hawapo, na kwa mtu anayelala kwenye turubai hiyo ni nafuu.

Bunyonyi iko juu, takriban mita 1,960 kutoka usawa wa bahari, imezungukwa na vilima vya mashamba ya matuta na ina visiwa kama 29. Haina viboko wala mamba. Ina baridi, kina kirefu hatua chache tu kutoka ukingoni, na mlima wa kuingilia. Iacheni iwe ya mwisho, dereva akishaizoea trela.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Agosti, na katikati ya Desemba hadi Februari. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Septemba hadi Novemba, ingawa kando ya Victoria mvua haisubiri kalenda. Likizo ya Agosti ndiyo bora kwa familia. Desemba kuna ukavu, lakini wiki ya Krismasi nusu ya Kampala inahamia vijijini kwa barabara hiyohiyo ya Masaka, na kuvuta trela katikati ya mabasi yanayoshindana si likizo.

Siku ngapi zinatosha?

Nabugabo pekee: wikendi ndefu. Nabugabo na Ssese: siku tano. Njia nzima hadi Bunyonyi na kurudi isipungue siku kumi, na hakuna siku ambayo watoto wakae garini zaidi ya saa tano.

Kiswahili kitatufikisha?

Barabarani, mialoni (ufukweni wanakoshushia samaki), kwa polisi na kwa madereva wa malori, ndiyo. Mialo ya Victoria imejaa wavuvi na wachuuzi kutoka kila upande wa ziwa, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Vijijini Buganda anza na salamu ya Kiganda hata kama ndiyo pekee unayoijua: mwanamume ni *ssebo*, mwanamke ni *nnyabo*, na shukrani ni *webale*. Ukifika Kabale, *agandi* inafungua milango. Wazee wengine hapa bado wanakihusisha Kiswahili na askari wa zamani, kwa hiyo usikianze kwa sauti ya amri.

## Trela na barabara

Mizigo ipangwe vipi ndani ya trela?

Vizito chini na karibu na ekseli, na sehemu kubwa kidogo ya uzito, kama asilimia 60, iwe mbele ya ekseli. Madumu ya maji yakae juu ya ekseli kabisa, maana uzito wake hupungua njiani kadiri mnavyotumia. Vyepesi, yaani magodoro na mablanketi, viwe nyuma na juu.

Kipimo ni uzito unaolemea ndoano ya gari. Trela ya kilo 500 ilemee kwa takriban kilo 50. Weka mzani wa bafuni juu ya tofali, ulaze kichwa cha trela juu yake, usome. Kikiwa chepesi mno, trela itaanza kutikisa mkia ukifika kilomita 80 kwa saa, hasa unapopitwa na basi. Ikitokea hivyo, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, iache ipungue mwendo yenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuikimbia kwa kuongeza mwendo.

Gari langu ni la kawaida, si la kuvuta magurudumu yote manne. Litaweza?

Nabugabo wakati wa kiangazi, ndiyo, na trela nyepesi. Soma kwanza kitabu cha gari kuhusu uzito linaoruhusiwa kuvuta trela isiyo na breki. Magari mengi madogo hayavuki kilo 400 hadi 500 pamoja na mizigo. Mburo wakati wa mvua, hapana: udongo wake ukilowa unanata na kuteleza kwa wakati mmoja.

Nikague nini kila tunaposimama?

Weka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu la trela. Vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha mkono hapo, beringi haina grisi au imekazwa kupita kiasi, na safari iishie kwa fundi wa karibu. Kisha angalia kiungio kimefungwa na pini yake ipo, minyororo miwili ya usalama imepishana chini yake, waya wa taa hauburuziki. Mwambie mtoto asimame nyuma akuhakikishie indiketa na taa za breki. Kazi hiyo wanaipenda, na wanaifanya kwa makini kuliko watu wazima.

Barabara ya Masaka ikoje kwa mtu mwenye trela?

Lami nzuri, watu wengi, matuta mengi. Hatari yake si ubovu bali mwendo: mabasi na teksi hupitana mahali pasipo na nafasi, na jioni ni mbaya zaidi. Ondokeni Kampala alfajiri mkiwahi foleni, na muwe mmefika kambini kabla ya saa kumi jioni. Kusafiri na trela usiku kwenye barabara hii hatushauri kwa sababu yoyote ile.

Pa kupumzika ni Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, kama kilomita 70 hivi kutoka Kampala. Watoto watataka picha wakiwa mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Egesha uwanjani, si ukingoni mwa lami, kwa sababu trela inachukua nafasi ya magari mawili na watu hapo huvuka wakiangalia kamera. Mbele yake ni Lukaya, ambako wachuuzi watazingira madirisha na kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Nunua ile unayoiona ikitoka kwenye moto.

Nawezaje kurudi nyuma bila trela kujikunja?

Shika usukani kwa mkono mmoja, chini kabisa. Unakopeleka mkono ndiko mkia wa trela utakakoelekea. Nenda polepole, sahihisha mapema, na trela ikianza kujikunja usibishane nayo: songa mbele, inyooshe, anza upya. Fanyia mazoezi uwanja wa shule siku ya Jumapili, kabla ya kujikuta kivukoni na malori yanapiga honi nyuma.

Kivuko cha Ssese kinachukua trela?

Kinachukua. Kutoka Masaka unapita njia ya Nabugabo hadi Bukakata, na kivuko cha magari kinavuka hadi Luku kwenye Kisiwa cha Bugala. Hakina nauli. Kwa sababu ni cha bure, foleni ni ndefu Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi, na trela huhesabiwa kama gari jingine, kwa hiyo gari dogo lililo nyuma yako linaweza kupata nafasi ukaachwa wewe. Fikeni asubuhi. Panda rampu kwa mwendo wa kutambaa, maana pale inapokutana na gati mkia wa trela ndefu hukwaruza chini. Mkishapanda, vuta breki ya mkono, weka kigingi chini ya magurudumu ya trela, na abiria wote washuke garini.

Meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, Entebbe, ni nzuri kwa waendao kwa miguu. Kwa trela, njia ni Bukakata.

Tunatoka Kenya au Tanzania. Mpakani tunahitaji nini?

Busia, Malaba na Mutukula vyote ni vituo vya pamoja, unashughulikia nchi mbili mahali pamoja. Mkenya huingia kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Kila mtu awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Watoto wawe na hati zao, na mzazi anayesafiri nao peke yake abebe barua ya idhini ya mwenzake, kwani maofisa huuliza.

Trela ni chombo kinachojitegemea: ina nambari yake na kadi yake, na itajwe kwenye kibali cha muda cha forodha na kwenye bima. Bima ya kawaida kwa njia hii ni Kadi ya Njano ya COMESA, inayogharimia madhara kwa wengine, si kwako. Muulize wakala waziwazi kama inaihusu na trela, akuandikie.

Mlima wa kushukia Bunyonyi unaogopesha kama wanavyosema?

Unastahili heshima. Kutoka Kabale mjini hadi Rutinda ni kama kilomita tisa tu, lakini mnapanda ukingo kisha mnateremkia ziwani kwa kona kali. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, usiegemee breki mpaka zinuke. Mvua ikinyesha mchana huo, laleni Kabale mjini, mwende asubuhi. Kwa kambi za visiwani, trela inabaki bara kwenye maegesho yenye mlinzi, na mizigo inavuka kwa mtumbwi. Pakia mapema kile kitakachovuka katika mifuko ya peke yake, la sivyo mtapekua trela nzima kwenye gati.

## Kambini

Tunaweza kusimama popote ufukweni?

Hapana. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka maji kwa maziwa makubwa na mita 100 kwa mengineyo, na ardhi ya nyuma yake kwa kawaida ina mwenyewe. Mwaloni nao ni mahali pa kazi: mashua huingia usiku kucha na samaki huanikwa alfajiri. Tumieni kambi rasmi, au uwanja wa hoteli mkiomba. Mkikwama njiani, kituo cha mafuta chenye mlinzi kinafaa kwa usiku mmoja.

Trela iegeshwe umbali gani na maji?

Mbali kuliko unavyotamani. Mei 2020 Victoria ilipanda hadi kufikia rekodi ya miaka ya 1960, ikameza fukwe na majengo, na tangu hapo pwani nyingi hazijakaa palepale. Tafuta mstari wa takataka na magugu ulioachwa na mawimbi ya mwisho, kisha panda juu zaidi. Kichwa cha trela kielekee njia ya kutokea, ili kuondoka usiku kusihitaji kugeuza. Mburo kuna sababu nyingine. Soma swali la kiboko.

Maji ya kunywa na kupikia tuyatoe wapi?

Bebeni madumu mawili ya lita 20 yaliyojazwa mjini, na muyajaze tena kila mji. Maji ya ziwa yachemshwe kwa kunywa, hata Bunyonyi yanakoonekana safi.

Kwa nini maharage hayaivi Bunyonyi?

Kwa sababu ya mwinuko. Pale maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, na maharage makavu yatakula gesi yenu hadi usiku. Yalowekeni tangu asubuhi, au yapikeni nyumbani mwende nayo, au nunueni viazi vya Kabale, ambavyo ni vizuri kuliko vya Kampala na huiva haraka zaidi. Kamba wa ziwani wa Bunyonyi hawahitaji muda. Wauzaji huwaleta wakiwa hai.

Kuhusu gesi: mtungi wa Kenya usitegemee kuubadilisha Uganda, kwa hiyo jaza nyumbani na weka sigiri kama akiba. Sigiri isiingie hemani wala ndani ya trela kwa ajili ya joto. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa wakiwa wamelala. Bunyonyi usiku nyuzi hushuka hadi kumi hivi. Dawa yake ni mablanketi na soksi.

Samaki tununue vipi mwaloni?

Sato hapa wanaitwa *ngege*, sangara ni *mputa*, dagaa ni *mukene*. Nendeni asubuhi mashua zinapoingia. Angalia jicho liwe wazi na shavu ndani liwe jekundu. Jambo ambalo wageni hawalijui: kununua au kusafirisha samaki wachanga ni kosa, si kuwavua tu. Sangara asipungue inchi 20, sato inchi 11. Mwaka 2017 jeshi liliingizwa kupambana na uvuvi haramu kwenye maziwa, na ukaguzi barabarani upo. Ukiuziwa sangara wadogo kwa bei ya kutupa, ndiyo sababu yake.

Taka na choo?

Taka zote zirudi mjini na trela. Maji ya vyombo yamwagwe mbali na ziwa, kwenye nyasi. Kama mna choo cha kubeba, mwombeni mwenye kambi awaonyeshe shimo; kamwe si ziwani.

## Maji, wadudu na wanyama

Watoto wanaweza kuogelea?

Victoria ina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya majini, huelea, na kupenya ngozi ndani ya dakika chache bila maumivu. Maji ya kina kifupi, tulivu, yenye matete, karibu na mwaloni ambako watu hufulia na kujisaidia, ndiyo mabaya zaidi, na bahati mbaya hayo ndiyo watoto huyapenda. Saa za mchana jua likiwa kali ndipo vijidudu huwa vingi. Kujipangusa haraka kwa taulo baada ya kutoka kunapunguza hatari kidogo, hakuiondoi.

Kwa hiyo Ssese tunawaambia watu: chezeni mchangani, pandeni mashua, ogeeni maji ya bomba. Maji ya ziwa yaliyochotwa bila konokono na kukaa kwenye dumu siku mbili hufaa kuogea, maana vijidudu hivyo havidumu nje ya konokono.

Nabugabo na Bunyonyi husifika kwa kutokuwa na kichocho, na familia nyingi huogelea huko. Sifa si cheti cha maabara; chagueni sehemu iliyo wazi, isiyo na matete. Bunyonyi hatari iliyo dhahiri ni kina: hatua mbili au tatu, ardhi imekwisha. Kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha hata akiwa anachezea gatini, na nunueni yenu ya vipimo vyao, kwa kuwa ya kambi mengi ni ya watu wazima. Mburo, na upande wa Mweya kule Ziwa Edward, hakuna kuogelea kabisa.

Tumeshaingia majini Victoria. Tufanye nini?

Msikimbilie kupima kesho yake. Mayai hayaonekani mapema. Pimeni choo na mkojo baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ni praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mtu, kwa hiyo watoto wapewe na mhudumu wa afya. Homa, kikohozi au mwasho kabla ya wiki hizo kwisha ni sababu ya kwenda hospitali mara moja na kutaja ziwa.

Mbu na malaria?

Malaria ipo njia nzima, Bunyonyi kidogo zaidi. Neti yenye dawa kwa kila anayelala, na zipu za hema zifungwe kabla ya jua kuzama, si baada ya chakula. Wanaotoka Nairobi na miji mingine ya baridi hawana kinga. Waulizeni madaktari kuhusu vidonge vya kuzuia kabla ya safari.

Lile wingu jeusi juu ya ziwa ni moshi?

Ni usubi wa ziwani, hutoka majini kwa mamilioni. Hawaumi. Ila wakiletwa na upepo huingia kwenye chai, machoni na kwenye taa. Funika chakula, zima taa, subiri wapite.

Kiboko akija kambini usiku?

Mburo hilo si jambo la "akija". Kambi iliyo ukingoni mwa ziwa, karibu na Rwonyo, makao makuu ya hifadhi, ni malisho yake, na usiku mtamsikia aking'oa nyasi hatua chache kutoka hemani, kwa sauti ya kupasua kama ya mtu anayerarua shuka kuukuu. Mwacheni. Hashambulii hema kwa kupenda. Anayemponza ni mtu anayetoka na tochi akajikuta kati yake na maji. Wote wajisaidie kabla ya kulala, na ndoo yenye kifuniko iwe ndani kwa ajili ya watoto. Trela iegesheni sambamba na hema ili iwe ukuta upande wa ziwa, lakini msizibe njia iliyokanyagwa inayopanda kutoka majini. Hiyo ni yake. Askari wa hifadhi kambini watawaonyesha.

Nyani na tumbili?

Ni wezi wa mchana. Zipu wanaijua, mfuniko wa kikapu wanaujua. Kufuli la trela bado. Chakula chote kikae humo, na mtoto asile ndizi akiwa amesimama peke yake.

Kwa nini tunaambiwa tusivae buluu?

Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Kwenye mbuga vaeni kaki au kijivu, na kama turubai la trela ni la buluu, kama yalivyo mengi ya dukani, lifunikeni.

## Maswali ya pembeni

Upepo mkali usiku wa manane ni kawaida?

Kando ya Victoria, ndiyo. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa linabaki na joto, hewa hukutana juu ya maji na kujenga mawingu; dhoruba hupiga ziwani usiku na kufika pwani ya Entebbe na Ssese kuelekea alfajiri. Kamba za hema zikazwe kabla ya kulala hata kama nyota zinaonekana. Radi ikianza, ingieni garini, si chini ya mti. Kwa mashua, msipange safari ya alfajiri bila kumuuliza nahodha, na asiye na majaketi ya kutosha asiwabebe.

Novemba tukiwa Masaka, wadudu wa kijani wamejaa kwenye taa. Ni nini?

Senene. Ni msimu wao, na Masaka ndiyo makao makuu: mtaona mabati na mapipa chini ya taa kali kando ya barabara. Msiwafukuze. Toa mbawa na miguu, kaanga bila mafuta kwa chumvi na kitunguu. Usishangae jirani akikataa kuonja: katika Buganda wapo watu wa ukoo wa Nsenene, na senene ni mwiko kwao.

Mbwa wetu aje?

Hifadhini haruhusiwi. Nabugabo na Bunyonyi ulizeni kambi.

Droni?

Bila kibali cha serikali, iacheni nyumbani. Ndani ya hifadhi ni marufuku bila ruhusa ya pekee, na kwenye vivuko itawaletea askari.

Kiingilio cha Mburo ni cha siku ngapi?

Saa 24 tangu muda wa kuingia, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chao, hivyo bebeni vitambulisho. Gari hulipiwa kando. Uliza na kuhusu trela. Kutoka upande wa Lyantonde ingieni lango la Nshara, kutoka Mbarara lango la Sanga. Ndani mwendo hauzidi kilomita 40 kwa saa, na usiku hakuna kuendesha.

Kivuko kimesitishwa na tuko Ssese. Itakuwaje?

Hutokea kwa hali ya hewa au matengenezo. Wekeni akiba ya chakula na fedha ya siku mbili, na msipange kurudi kazini kesho yake. Mtu mwenye dharura anaweza kwenda na meli ya Entebbe, gari na trela vikabaki kambini na dereva.

Ekseli imevunjika katikati ya safari. Trela tuiache?

Isibaki barabarani. Weka pembetatu mbili mbali nyuma na mbele, watoto watoke upande wa majani, mkono wa kushoto, mbali na lami. Polisi ni 999 au 112. Mtu wa bodaboda atamleta fundi haraka kuliko simu yoyote. Masaka, Lyantonde na Mbarara wapo wachomeleaji wazuri wanaofanya kazi hata Jumapili. Kama haiwezekani kutengenezwa siku hiyo, kodini pikapu ya kuipeleka kwenye kituo cha polisi au cha mafuta, mwandikishane kilichomo, na muondoke na vitu vitatu: neti, dawa, na hati za trela.